Neva iliyokatika mkononi haijafa
Ujumbe unaozungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Nairobi unadai neva (uzi wa mwili unaobeba hisia na amri za misuli) ikikatika imekufa, kuishona ni kupoteza pesa. Si kweli. Neva za mikono na miguu huota tena, takriban milimita 1 kwa siku: seli za hisi zilizojeruhiwa huongeza protini za ukuaji kama BDNF. Ila ncha zikiachana, nyuzi hupotea njia na kufanya kinundu kinachouma. Ndiyo sababu ya kushona mapema. Fundi wa Gikomba aliyekatwa na bati kwenye kifundo cha mkono husubiri miezi 6 hivi, au zaidi, hisia zifike ncha ya kidole.

Kupima neva imeota hadi wapi, gongagonga taratibu kutoka kidoleni kuelekea kovu: mahali panaposhtua kama umeme husogea mbele sentimita 3 hivi kila mwezi. Neva za ndani ya uti wa mgongo ndizo hazioti hivyo, na hapo watu huchanganya. Tena neva, kano na mshipa wa damu vyote tunaviita “mshipa”. Ukitumiwa ujumbe huo, usiusambaze.