Ukuta wa kuzuia udongo hulowa kwa nyuma

Swali ninaloulizwa zaidi na wenye kuta za bloku huko nje ni hili: rangi gani inavumilia mvua? Mimi huwarudishia lingine: nyuma ya ukuta kuna nini?

Ukuta wa nyumba hupata hewa pande zote mbili. Mvua ikiupiga leo, kesho jua na upepo vinaukausha. Ukuta wa kuzuia udongo una uso mmoja tu ulio wazi. Mgongo wake umeegemewa na udongo ambao msimu wa mvua hushiba maji. Bloku za saruji zina vinyweleo vingi, na huyanyonya maji hayo kama utambi wa taa unavyonyonya mafuta. Yakishaingia hutafuta pa kutokea, na pa kutokea ni uso uleule unaotaka kuupaka. Ndiyo maana rangi iliyodumu miaka kwenye ukuta wa nyumba inaweza kufanya malengelenge hapa kabla msimu mmoja haujaisha. Mvua inayoipiga usoni inasingiziwa tu. Rangi imesukumwa kutoka nyuma.

Kwa hiyo kazi huanza na njia za maji. Karibu na sakafu ya ukuta panatakiwa kuwe na matundu ya kutolea maji, na nyuma yake kokoto zinazoyaongoza maji kwenye matundu hayo au kwenye bomba lenye vitobo. Matundu yakiwa yameziba kwa tope na mizizi, yazibue kwa kipande cha nondo, na wakati wa kupaka usiyazibe kwa rangi (nimeshayaona yamejazwa saruji ili ukuta “upendeze”). Hili si la urembo. Nyuma ya ukuta wenye kimo cha mita 2, maji yakijaa hadi juu yanasukuma kila mita moja ya urefu wa ukuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 2, mbali na msukumo wa udongo wenyewe. Ukiona ukuta umetoa tumbo, umeinama, au una nyufa zinazopanda kwa ngazi kufuata maungio, weka brashi chini umwite mhandisi.

Tazama na juu. Bloku za juu zikiachwa wazi, maji ya mvua huingia moja kwa moja kwenye mashimo yake. Kofia ya zege yenye mteremko, iliyotokeza kidogo mbele na kuchorwa mfereji mdogo kwa chini ili maji yadondoke badala ya kutambaa ukutani, huisaidia rangi kuliko kopo lolote la bei kubwa.

Sasa kile kitu cheupe. Wengi hukiita ukungu, lakini mara nyingi ni chumvi zilizoyeyushwa na maji ndani ya bloku na saruji, zikaachwa usoni maji yalipokauka. Ukungu na mwani huwa vya kijani au vyeusi, na doa lake hufifia ukilidondoshea dawa ya klorini ya kufulia. Chumvi ni unga au magamba. Isugue kwa brashi ngumu ukuta ukiwa mkavu, kisha zoa unga wake uuondoe kabisa. Ukianza kwa kumwaga maji, unaiyeyusha na bloku inainywa tena. Ukipaka juu yake, fuwele zinaendelea kukua chini ya rangi na kuibandua. Tabaka gumu linaweza kuhitaji asidi iliyozimuliwa: lowesha ukuta kwanza, mimina asidi kwenye maji na kamwe usimimine maji kwenye asidi, vaa glavu na miwani, kisha suuza sana. Usiichanganye na dawa ya klorini wala kuitumia kabla klorini haijasuuzwa ikaisha; gesi inayotoka ni sumu. Lakini chumvi ikirudi wiki chache baadaye, asidi imekuonyesha tu kwamba maji bado yanapita.

Kama ukuta ni mpya, subiri angalau siku 28. Saruji changa ina alikali kali (kemikali iliyo kinyume cha asidi), pH ya 12 na zaidi kwenye kipimo ambacho 7 ni katikati, na ndiyo sababu sipaki rangi ya mafuta kwenye bloku: alikali huyageuza mafuta yaliyomo kuwa sabuni, rangi ikawa laini na kunata.

Kupima unyevu ni rahisi. Chukua karatasi ya nailoni ya sentimita 45 kwa 45, ibandike ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne, uiache saa 16 au zaidi. Ukikuta matone upande wa ndani, au bloku imekuwa nyeusi, ukuta bado unatoa maji. Fanya hivyo kipindi cha ukavu. Katikati ya masika jibu unalijua tayari.

Jibu hilo ndilo linaloamua rangi. Wauzaji hupenda kupendekeza rangi nzito ya mpira inayovutika, “isiyopitisha maji”. Kwenye ukuta wa nyumba ina nafasi yake. Hapa mimi naikataa, kwa kuwa inafungia maji ndani na baadaye hujaa kama mfuko. Ukuta ukiwa na njia nzuri za maji na ukapita kipimo, rangi ya maji ya akriliki ya nje inayopitisha mvuke inatosha, juu ya praima (rangi ya msingi inayotangulia) inayostahimili alikali.

Ukuta usiokauka vizuri unataka rangi ya silikati. Adolf Wilhelm Keim aliipatia hataza Ujerumani mwaka 1878, na kazi yake ni tofauti: haikai juu kama ngozi, inashikana na madini ya saruji yenyewe, na mvuke hupita. Inataka bloku tupu isiyowahi kupakwa akriliki. Tena funika vioo vyote vilivyo karibu, maana matone yake hukwangua kioo na hayatoki. Chokaa nayo hupumua vizuri, ila mvua huilamba na utairudia mara kwa mara. Na kama maji yanachuruzika waziwazi, acha bloku bila rangi.

Siku ya kupaka, subiri umande ukauke na ufuate kivuli, si jua kali. Ukuta uwe na joto la nyuzi 10 na zaidi. Tumia rola ya manyoya marefu, na brashi kwenye maungio. Mikono miwili ya rangi, yaani tabaka mbili nyepesi, ni bora kuliko mmoja mzito. Maliza mapema alasiri: akriliki hukauka kwa kuguswa ndani ya saa moja au mbili, lakini ikipigwa na manyunyu au umande jioni hiyo hutoa michirizi inayonata. Hiyo huoshwa kwa maji baridi, na haina haja ya kupaka upya.

Baadaye, kila msimu wa mvua unapokaribia, pitisha nondo kwenye matundu. Sehemu iliyobanduka ikwangue hadi bloku, na kabla ya kuipaka tena, ibandikie nailoni.