Faharasa ya dalili haikuchagulii dawa

Anayejisomea homiopathia, tiba mbadala ya dawa zilizozimuliwa mno, hapa Malindi huambiwa mapema: fungua faharasa ya dalili, yaani kitabu kinachoorodhesha dawa chini ya kila dalili, jumlisha alama za kila dawa, yenye nyingi ndiyo yako. Sivyo.

Faharasa ya James Tyler Kent, tabibu Mmarekani wa homiopathia, iliyotoka mwaka 1897, huanza na dalili za akili, ikashuka kichwani na mwilini. Chini ya kila dalili zimo dawa kwa madaraja matatu: herufi nzito, ndilo la juu lenye alama nyingi zaidi, za mlazo na za kawaida. Hapo ndipo hesabu inapokuhadaa. Salfa, mojawapo ya dawa hizo, imeandikiwa mengi tangu zamani, basi hujitokeza huku na huku. Ukijumlisha tu, itashinda hata kwa mgonjwa ambaye dalili zake hazifanani nayo. Walimu wa fani hiyo wenyewe husisitiza dalili chache za pekee. “Kichwa kinauma” haisaidii kitu. Mwenye homa kali asiyetaka maji, huyo ana la kutafutwa. Na majina ya dawa ukishayapata, urudi kwenye kitabu kinachoeleza kila dawa, usome.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kudhani herufi nzito ni ushahidi wa kupona. Hiyo ni kumbukumbu tu ya waliyoyaandika waganga wake. Mwaka 2015 baraza la utafiti wa tiba la Australia lilipitia tafiti, lisione ugonjwa hata mmoja wenye ushahidi wa kuaminika kwamba homiopathia inautibu. Kwa hiyo mtoto akipata homa, apelekwe zahanati siku hiyohiyo apimwe malaria.