Tani tisa juu ya kila mita ya mraba: dhana potofu kuhusu hewa tunayovuta

Dodoma mjini ipo mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa wake ni takriban hektopaskali 886. Pwani ni 1,013. Chukua mita moja ya mraba ya Uwanja wa Jamhuri. Safu ya hewa kavu iliyosimama juu yake, kuanzia kwenye nyasi hadi angahewa inapoishia, ina tani 9. Humo naitrojeni ni kilo 6,800, oksijeni karibu kilo 2,090, agoni kilo 116 na kabonidayoksaidi kilo 6 kasoro kidogo. Metheni ni gramu 10 hivi. Ozoni ni gramu 5 hadi 6. Mvuke wa maji tumeuweka kando kwa sababu hupanda na kushuka kufuata msimu.

Ziweke hesabu hizi karibu. Sehemu kubwa ya upotoshaji kuhusu hewa hutokana na watu kujua jina la gesi bila kujua kiasi chake.

"Dodoma iko juu, kwa hiyo hewa yake ina asilimia ndogo ya oksijeni"

Asilimia ni ileile ya Dar es Salaam na Tanga: 20.95. Kinachopungua ni mgandamizo. Kila pumzi ya Dodoma hubeba oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 12 kuliko ya pwani, sawa na upungufu wa gesi nyingine zote. Mgandamizo huohuo ndio unaofanya maji yachemke kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, na maharage yakae jikoni muda mrefu zaidi.

"Mshumaa ukizimika ndani ya glasi, oksijeni imekwisha"

Jaribio hili hufanywa madarasani miaka nenda rudi: mshumaa kwenye sahani yenye maji, glasi inafunikwa, moto unazimika, maji yanapanda. Mwanafunzi anaambiwa kwamba maji yamechukua nafasi ya oksijeni iliyoungua, na kwamba yamepanda sehemu moja ya tano kwa sababu hiyo ndiyo oksijeni iliyokuwemo. Maelezo hayo si sahihi.

Mshumaa huzimika oksijeni ikiwa bado karibu asilimia 16. Iliyotumika nayo haikuacha nafasi tupu, kwani sehemu kubwa imegeuka kabonidayoksaidi ambayo huyeyuka majini polepole. Maji hupanda hasa kwa sababu ya joto. Hewa iliyopashwa moto hutanuka, nyingine hutoka kwa mapovu chini ya ukingo wa glasi, kisha moto ukizimika iliyobaki inapoa na kusinyaa. Angalia saa ya kupanda: maji hutulia wakati mshumaa unawaka, halafu hupanda ghafla baada ya kuzimika. Weka mishumaa mitatu na maji yatapanda juu zaidi, ingawa oksijeni ya glasi ni ileile.

Mwalimu anayetaka kipimo cha kweli atumie kutu. Zinahitajika silinda ya kupimia ya mililita 100, gramu 3 za stilwaya ya kusugulia sufuria, siki, na ndoo ya maji. Ichovye stilwaya kwenye siki dakika mbili ili mafuta ya kiwandani yatoke, isuuze kwa maji, ikung'ute, kisha isukume hadi kwenye kitako cha silinda na kuitawanya. Geuza silinda mdomo chini ndani ya ndoo, uifunge isianguke. Iache siku tatu au nne. Maji yatapanda hadi hewa iliyobaki iwe mililita 79 au 80. Iliyobaki karibu yote ni naitrojeni, pamoja na agoni kidogo.

Makosa yanayoharibu jibu yanajulikana. Stilwaya inayong'aa isiyoshika kutu haifai kabisa. Siki ikibaki nyingi hutoa mapovu ya haidrojeni yanayorudisha maji chini, ndiyo maana tumesema isuuzwe. Wakati wa kusoma, shusha silinda mpaka maji ya ndani na ya nje yawe usawa mmoja, la sivyo unasoma hewa iliyotanuka kwa kuvutwa na maji. Na soma saa ileile uliyoanza nayo: tofauti ya nyuzi 3 za joto hubadilisha ujazo kwa asilimia 1, na Dodoma tofauti ya asubuhi na mchana huzidi hapo kwa mbali.

"Hewa imekuwa hivihivi tangu mwanzo, na miti ndiyo inayoijaza oksijeni kila siku"

Majabali ya graniti yanayouzunguka mji wa Dodoma yana umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Yalipokuwa yanapoa, angahewa ilikuwa na naitrojeni, kabonidayoksaidi, mvuke na metheni, ila oksijeni haikuwepo isipokuwa chembe. Ushahidi upo kwenye miamba ya zama hizo katika mabara kadhaa: changarawe za mito ya kale zina chembe za paraiti, madini ya chuma na salfa ambayo yakigusana na oksijeni kwa muda huoza. Baada ya miaka bilioni 2.3 hivi iliyopita, chembe hizo zinatoweka kwenye changarawe za mito, na udongo mwekundu, ambao rangi yake ni chuma kilichoungana na oksijeni, unaanza kuonekana nchi kavu.

Walioiingiza oksijeni hewani ni bakteria wa majini wanaotumia mwanga wa jua. Lakini kutoa oksijeni peke yake hakutoshi. Kiumbe akifa na kuoza, uozo hula oksijeni ileile aliyoitoa. Oksijeni hubaki pale tu mabaki yanapozikwa kwenye matope kabla hayajaoza, na mazishi hayo madogomadogo yamechukua mamilioni ya miaka.

Sasa rudi kwenye uwanja wetu. Mita ya mraba ya mtama yenye kilo moja ya majani na mabua makavu imetoa oksijeni kilo moja na kidogo. Mtama ukiliwa na mabua yakioza au kuchomwa, oksijeni hiyo inarudi ilikotoka. Juu ya shamba kuna kilo 2,090. Kwa hiyo kusema kwamba miti ikikatwa tutakosa pumzi ni kumtisha mtu kwa sababu isiyo ya kweli, wakati za kweli zipo na zinauma zaidi: udongo kuchukuliwa na maji, kisima kukauka, na kaboni iliyokuwa kwenye shina kuingia angani. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza 1973, ulihusu makorongo ya Kondoa na maeneo mengine yaliyoliwa na mmomonyoko, si uhaba wa pumzi.

"Joto limezidi kwa sababu ozoni imetoboka"

Hii ndiyo dhana inayosikika zaidi, na inachanganya mambo mawili tofauti. Ozoni huzuia mionzi ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana inayounguza ngozi. Haizuii joto la jua kutufikia. Tundu lake, lililotangazwa mwaka 1985, hutokea juu ya Antaktika kati ya Septemba na Novemba, zaidi ya kilomita 5,000 kutoka hapa. Hakuna tundu juu ya Dodoma. Ukiikusanya ozoni yote iliyo juu yetu na kuishusha kwenye mgandamizo wa pwani, ni unene wa milimita 2.5 hadi 2.8, nao kwenye nchi za tropiki haubadiliki sana mwaka mzima.

Jua la Dodoma huchoma kwa sababu tupo nyuzi 6 kusini mwa ikweta, linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, mwinuko umepunguza hewa ya kulichuja, na mawingu ni haba karibu nusu ya mwaka.

Kilichoharibu ozoni ni klorini kutoka kwenye gesi kama R12 ya friji za zamani. Mkataba wa Montreal wa 1987 uliziondoa sokoni, na tabaka linapona: kwa Antaktika linatarajiwa kurudi hali ya 1980 karibu mwaka 2066. R134a iliyochukua nafasi yake haina klorini, haigusi ozoni. Hapo fundi wengi hukosea wakidhani ni salama kuifungulia hewani. Gramu 120 za R134a zikiachiwa hupasha dunia sawa na kilo 170 za kabonidayoksaidi. Inyonywe kwenye mtungi. Na ukibadili friji ya R12 kwenda R134a bila kubadili oili, oili ya zamani haichanganyiki na gesi mpya. Inabaki kwenye mabomba, na kompresa inakauka na kuungua.

"Kabonidayoksaidi ni asilimia 0.04 tu, haiwezi kufanya lolote"

Naitrojeni, oksijeni na agoni, yaani zaidi ya asilimia 99.9 ya safu yetu, hazishiki joto linalopanda kutoka ardhini. Usiweke wingi wao kwenye hesabu hii. Zinazolishika ni mvuke wa maji, kabonidayoksaidi, metheni na nyingine chache. Nguvu ya mvuke inajulikana na kila anayelala Dodoma mwezi Julai: hewa ikikauka na anga likiwa jeupe, joto la mchana linaondoka na alfajiri ni baridi. Lakini mvuke haujiongezi wenyewe. Hewa ikipata nyuzi moja zaidi ya joto huweza kubeba asilimia 7 zaidi ya mvuke, kwa hiyo hukuza joto lililoanzishwa na gesi nyingine.

Kabla ya viwanda kabonidayoksaidi ilikuwa sehemu 280 katika milioni. Charles David Keeling alipoanza kuipima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa 315. Sasa imepita 420. Kwa mita yetu ya mraba hiyo ni kilo 4 zilizoongezwa kilo 2. Volkeno hazifikii hapo. Zote kwa pamoja hutoa chini ya asilimia 2 ya kinachotolewa kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi.

Metheni nayo kabla ya viwanda ilikuwa gramu 3.6 kwenye safu hiyohiyo, si 10 kama sasa. Ya ng'ombe zaidi ya asilimia 90 hutoka mdomoni anapobeua, si nyuma kama inavyosemwa kwenye utani. Hukaa angani miaka 12 hivi kabla ya kugeuka kabonidayoksaidi na maji, hivyo ikipunguzwa leo matokeo yanapimika ndani ya miaka 20, wakati sehemu ya zile kilo 2 za kabonidayoksaidi itakuwa bado ipo baada ya karne kadhaa.