Kuchunguza nakala tangulizi kwa programu: maana yake ni nini?

Nakala tangulizi ni makala ya utafiti ambayo mwandishi ameiweka mtandaoni kabla ya wataalamu wa jarida kuipitia. Mtafiti wa malaria pale Kisumu akiisubiri zamu ya jarida, miezi inaweza kukatika. Nakala tangulizi husomwa baada ya siku chache tu. Hifadhi zake za mtandaoni zipo: wanafizikia wana arXiv tangu 1991, wanabiolojia bioRxiv tangu 2013, na watu wa tiba medRxiv tangu 2019. Kisha 2020 korona ikaingia, nakala zikafurika, na wa kuzipitia wakawa hawatoshi.

Hapo ndipo kundi la ScreenIT, la watafiti kutoka nchi mbalimbali, lilipounganisha programu zao ziwe zinapitia nakala za korona na kutoa ripoti hadharani. Kinachotafutwa ni mambo mawili: uwazi, yaani umeeleza ulichofanya, na kurudiwa kwa utafiti, yaani mwenzako aweze kufuata maelezo hayo hatua kwa hatua.

Mojawapo ya programu hizo, SciScore, husaka sentensi. Washiriki waligawanywa kwa kura? Aliyepima alijua nani kapewa dawa? Jinsia imetajwa? ODDPub nayo hutafuta kama data na msimbo wa kompyuta vimewekwa mahali ambapo yeyote anaweza kuvichukua. Ile kauli ya “data itatolewa kwa atakayeomba” haihesabiki, na naona ni haki kabisa. Aliyewahi kuomba anajua. JetFighter hunasa michoro ya rangi za upinde wa mvua, inayowatatiza wasiotofautisha nyekundu na kijani.

Mimi naipenda zaidi Barzooka, kwa sababu yenyewe hutazama aina ya grafu uliyochora. Tuseme una mabwawa mawili ya ngege, na umepima samaki watano kila bwawa. La kwanza, kila mmoja ana gramu 300. La pili, wanne wana gramu 200 na mmoja 700. Wastani ni 300 kote kuwili, kwa hiyo ukichora grafu ya nguzo, nguzo zitalingana kama mapacha. Lakini mama wa soko la Kibuye anayenunua kwa saizi akiletewa kreti ya bwawa la pili kwa ahadi ya nguzo hiyo, samaki utarudi nao. Grafu ya namna hii ndiyo Barzooka inayoitilia alama, ili mwandishi achore upya na kila samaki apate nukta yake.

Sasa, programu hizi huuliza kama umesema, haziulizi kama ulifanya. Ukiandika kwamba uligawa washiriki kwa kura ilhali ulichagua jirani zako, SciScore itakupa alama yako bila kinyongo. Na aliyeandika hesabu tupu za kukadiria ueneaji wa ugonjwa, bila mshiriki hata mmoja, anaweza kuambiwa hakutaja jinsia. Kwa hiyo ripoti si cheti, wala si hukumu. Lazima mtu anayeijua fani aisome na kuamua lipi linahusu na lipi halihusu.

Faida yake iko kwenye wakati. Jarida likishachapisha, kurekebisha ni safari ndefu. Nakala tangulizi bado inaruhusu toleo la pili, na grafu ya ngege huchorwa upya jioni moja, mradi yale madaftari ya vipimo hayajapotea.