Kioo Cheusi Kinazuia Mwanga Tu

Mafundi wengi wa mageti Unga Limited, Arusha, wana kioo cheusi cha kuchomelea. Kwa rodi za milimita 2.5 au 3.2, kiwe cha giza namba 10 au 11. Miwani ya jua haifai: jicho haliumii papo hapo, lakini usiku, muda wa saa 6 hadi 12 baada ya kazi, linawaka kama limetiwa mchanga.

Ila vipande vya chuma huingia jichoni wakati ambao hakuna mwanga wowote wa kuchomelea. Mshono ukiisha, fundi anafunua ngao, anagonga gamba kwa nyundo, kisha anashika grenda uso ukiwa wazi. Kwa hiyo vaa miwani angavu ya polikaboneti (plastiki ngumu) chini ya ngao, tangu asubuhi, usiivue unapofunua. Iwe na kinga za pembeni, maana cheche za jirani haziji kwa mbele. Kwenye fremu tafuta herufi F: imejaribiwa kwa gololi ya chuma yenye mwendo wa mita 45 kwa sekunde.

Sasa piga hesabu ya grenda. Diski ya milimita 115 kwa mizunguko 11,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda mita 66 hivi kwa sekunde. Ikipasuka, miwani peke yake haitoshi. Ongeza ngao angavu ya uso juu yake. Na tafadhali, usifungue kinga ya grenda ndogo ili uweke diski ya milimita 230. Hiyo imeandikwa mizunguko 6,600 kwa sababu: ikizidi, inavunjika.

Kipande kikishaingia jichoni, usisugue, wala usimpe mwenzako akitoe kwa njiti ya kiberiti. Chuma huanza kuacha duara la kutu kwenye konea (utando angavu wa mbele ya jicho) ndani ya saa chache, nalo huondolewa na mtaalamu. Kwa walio Moshi, hospitali ya KCMC wana idara ya macho. Kama kimezama, funika bila kukandamiza. Matone ya ganzi daktari huyatumia kukuchunguza. Ukienda nayo nyumbani yanachelewesha konea kupona.

Saruji, chokaa au maji ya betri yakiingia jichoni ni habari nyingine: suuza kwa maji safi dakika 15 hadi 20 kabla ya kutafuta bodaboda. Chokaa huendelea kula ndani.

Miwani ikiingia vumbi, ioshe kwa maji na sabuni. Ukiifuta kavu kwa shati inakwaruzika, na fundi asiyeona vizuri ataivua.