Mzee Hajarudi Utotoni

Mimi ni mkufunzi wa wanaowahudumia wagonjwa wa demensia, ugonjwa wa ubongo unaomla mtu kumbukumbu na uwezo wake. Wiki hii nimeambiwa tena, na safari hii na mtu mwenye cheti cha uuguzi, kwamba mgonjwa huyo "amerudi utotoni, mchukulie kama mtoto tu". Naandika mara moja ili anayefuata nimtumie kiungo, presha yangu ibaki ilipo.

Wazo hili halikutoka hewani, nakubali. Barry Reisberg, daktari wa New York, alipanga hatua za Alzeima, aina ya demensia iliyo ya kawaida zaidi, akaonyesha kwamba uwezo hupotea kwa mpangilio unaokaribia kuwa kinyume cha ule anaoupitia mtoto: kwanza kuchagua nguo, kisha kuvaa, kuoga, kutumia choo, kuzuia mkojo, halafu maneno, kutembea, mwisho hata kutabasamu. Jedwali hilo linasaidia kujua pampasi zitahitajika lini, na kwa Alzeima linashikilia vizuri kiasi. Kwa demensia ya kiharusi linayumba. Kwa ile ya miili ya Lewy, yaani vijibonge vya protini ndani ya ubongo, usilitegemee: leo kifungo kinamshinda, kesho anakusahihisha hesabu ya chenji.

Lakini lisome tena. Ni jedwali la vitendo. Hakuna safu ya kuona haya, wala ya kuwa mama wa watu sita. Mtoto wa miaka 3 ukimvua nguo atacheka akimbie uani uchi. Bibi wa miaka 80 akivuliwa na mwanawe wa kiume atamng'ata, halafu nyinyi wahudumu mnaandika kwenye faili "mkali, hatoi ushirikiano". Mnachokiita ukali ni stara yake, nayo haijaugua.

Kuoga ndiko kunakozivunja familia, kwa hiyo nitakaa hapo. Usiseme "twende ukaoge" huku umeshamshika mkono. Andaa kwanza: maji ya uvuguvugu uliyoyapima kwa kiwiko, taulo mbili, kanga mbili, nguo safi zilizopangwa kwa mfuatano wa kuvaliwa, kiti kisichoteleza, feni imezimwa. Mzee anasikia baridi mahali ambapo wewe unatoka jasho. Kanga moja ifungwe kifuani kabla gauni halijatoka, na isivuliwe: unaosha chini yake, sehemu moja baada ya nyingine, unafunika uliyoimaliza. Anzia miguuni au mikononi. Mpe kitambaa chenye sabuni ajioshe mwenyewe mbele. Hata akifanya nusu, mkono uliokwisha shika kitambaa haukupigi. Kichwa kiache mwisho, au kiwekee siku yake. Maji yanayoshuka ghafla usoni, kwa mtu asiyeelewa yametoka wapi, ni shambulio, ndiyo maana bafu la mvua linaogopwa kuliko ndoo na kata.

Akikataa katakata, acha. Rudi baada ya nusu saa, ikibidi aje mtu mwingine. Kuoga mwili mzima mara mbili au tatu kwa wiki kunatosha, mradi sehemu za siri na mikunjo ya ngozi visafishwe kila siku. Siku ngumu mwoshe kitandani kwa taulo lililoloweshwa maji ya moto kiasi na sabuni kidogo, likakamuliwa, naye amefunikwa muda wote. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2004 lilifanywa kwenye nyumba za wazee, likapima njia zote mbili, ya kumwogesha mtu kwa kufuata atakavyo yeye na ya taulo kitandani. Zote zilipunguza vurugu za wakati wa kuoga kwa zaidi ya nusu. Sijaona kidonge kinachofanya hivyo.

Tukifika kwenye vidonge nitakwenda haraka, maana haya mnayajua au mngepaswa kuyajua. Haloperidoli na ndugu zake, dawa za kutuliza wagonjwa wa akili, huongeza hatari ya kiharusi na kifo kwa wazee wenye demensia. Piriton, dawa ya mzio, ikitumika kumlaza bibi usingizi huzidisha kuchanganyikiwa, na amitriptilini, dawa ya sonona, vilevile. Mtu aliyebadilika ndani ya saa chache au siku mbili, mtafutie malaria, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), mkojo uliozuilika, choo kigumu na dawa mpya, kabla hujasema ugonjwa umepanda.

Tom Kitwood aliwahi kufundisha shule nchini Uganda kabla ya kuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Bradford, Uingereza. Alipofariki mwaka 1998 alikuwa ameacha orodha ya mambo 17 yanayombomoa mgonjwa bila kumgusa ubongo. Kumfanya mtoto limo. Yamo pia kumharakisha kuliko anavyoweza kufuata, kumpita kama hayupo, kumlaghai, kumdhihaki. Alisisitiza kwamba wanaoyatenda kwa kawaida hawana ubaya wowote. Hapo ndipo penye ugumu wa kazi hii. Mhudumu katili unamfukuza. Mhudumu mwenye upendo anayemwita mzee "kababy kangu" mbele ya wageni utamfanya nini?

Kipimo changu cha nyumba ni kimoja: nani bado anamwamkia? Binti wa kazi aliyekuwa akisema shikamoo kila asubuhi sasa anaanza na "haya bibi, fungua mdomo". Shikamoo na marahaba zimerudiwa maelfu ya mara, na maneno ya namna hiyo hubaki muda mrefu baada ya majina ya wajukuu kupotea. Mtu asiye na sentensi nyingine atakuitikia "marahaba". Akishaitikia, amekaa kwenye kiti chake cha ukubwa, na ukimwomba anyooshe mkono uingie kwenye shati, ni mdogo anamwomba mkubwa wake.

Tokea mbele, kamwe si nyuma. Inama macho yawe usawa. Amkia, sema jambo moja, ngoja. Hesabu kimya hadi 10. Wengi hufika 3 wakalirudia swali kwa maneno mengine, na ubongo uliokuwa katikati ya swali la kwanza unalazimika kuanza upya.

Sasa mashaka. Kundi la Kitwood lilitengeneza njia ya kuchora ramani ya huduma (Dementia Care Mapping): mtazamaji anakaa sebuleni, si chumbani wala bafuni, na kila dakika 5 anaandika mgonjwa anafanya nini na hali yake ikoje, kuanzia +5 hadi -5, kwa saa kadhaa. Kisha wahudumu wanaonyeshwa matokeo. Naipenda sana njia hii. Jaribio la Australia la mwaka 2009 lilikuta fadhaa ya wagonjwa imepungua. Jaribio kubwa la Uingereza kwenye nyumba 50, lililochapishwa mwaka 2020, halikuona nafuu hiyo, na nyumba nyingi hazikuumaliza mzunguko wa pili. Watetezi wanasema njia haikutumika ipasavyo. Inawezekana. Lakini njia isiyotumika ipasavyo kwenye nyumba za kawaida ina kasoro yake, na sisi wakufunzi hatupendi kulisema.

Shaka nyingine ni ya uongo. Saa 3 usiku mzee yuko mlangoni na mkoba, anakwenda kwa mama yake aliyezikwa zamani. "Alishakufa" ni kumfisha mama huyo upya kila usiku. "Anakuja sasa hivi" ni ulaghai, umo kwenye orodha ya Kitwood. Ninachofundisha ni kuuliza "mama yako alikuwa anapika nini?" huku mkitembea pamoja kurudi kwenye kiti, na mara nyingi kinafaulu. Kisipofaulu, mvua inanyesha na geti liko wazi, nitasema basi la mwisho limeshaondoka, tutakwenda asubuhi. Jibu safi zaidi ya hilo sina, na mkufunzi anayedai analo ningependa kumwona usiku wa tatu mfululizo.