Deni la chuo Marekani: we unalipwa mshahara na nani?

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili, "mimi ni nesi, nahudumia watu usiku na mchana, mbona naambiwa sina sifa za kusamehewa deni?" Jibu lipo kwenye W-2 yako bana, ile fomu ya mshahara na kodi anayokupa mwajiri kila mwaka, halipo kwenye yunifomu.

Mpango wa serikali ya Marekani wa kufuta mikopo ya watumishi wa umma, huu wanaouita PSLF, hauangalii unafanya kazi gani, unaangalia nani anakulipa. Chukua manesi wawili, wodi moja zamu moja, mmoja kaajiriwa na hospitali ya kaunti, mwenzake kaletwa na kampuni binafsi ya kukodisha wafanyakazi. Wa kwanza miezi yake inahesabiwa, wa pili hola. Ila mfagiaji wa shule ya serikali anaingia sawasawa na mwalimu. Serikali ya shirikisho, jimbo, kaunti, mji, zote freshi, na mashirika yasiyo ya faida yenye hadhi ya 501(c)(3), yaani yaliyosamehewa kodi ya mapato. Shika W-2, angalia kiboksi b, hiyo ndo EIN, namba ya mwajiri wako, iingize studentaid.gov, tovuti ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, uone kama anakubalika.

Hesabu yenyewe ni marejesho 120, kwahiyo miaka 10 hivi, ukifanya kazi masaa 30 kwa wiki au zaidi, na hata kama una kazi mbili za muda mfupi mfupi kwa waajiri wanaofaa zikijumlishwa zikafika 30 poa tu. Si lazima yafuatane, ukiacha ukarudi unaendelea ulipoishia.

Sasa pale wengi wanapoumia. Sheria ilipita 2007, watu wa kwanza wakaanza kuomba 2017 na karibu wote wakapigwa chini, maana wengine walikuwa na mikopo ya zamani ya FFEL, ile ya benki yenye dhamana ya serikali, mtu kalipa miaka yote hiyo hakuna hata mwezi uliohesabiwa. Inayofutwa ni Direct Loan tu, ile unayokopeshwa na serikali ya shirikisho moja kwa moja, kwahiyo ukiwa na FFEL au Perkins, mkopo wa zamani uliotolewa kupitia vyuo, inabidi kwanza uibadilishe iwe Direct Consolidation Loan, mkopo mpya wa serikali unaochukua nafasi ya ile ya zamani. Mkopo wa benki binafsi ndo kabisaa sahau.

Halafu ukilipa kwa ule mpango wa kawaida wa miaka 10, ukifika rejesho la 120 deni limeisha lenyewe, utasamehewa nini sasa? Ndo maana watu wanahamia mipango inayokata kulingana na kipato, mfano IBR.

Na fomu ya kuthibitisha ajira msisubiri mwaka wa 10, jaza kila mwaka na kila unapohama kazi, kumtafuta bosi wa miaka minane iliyopita aje asaini ni shughuli pevu. Fomu ni bure, anayekupigia simu akitaka hela akujazie mkatie.